Anga inaibana nyutrino kuliko maabara, ila uliza kwanza imedhania nini

Mwanafunzi wa masta aliyetoka kwenye fizikia ya chembe na kuanza kusoma kosmolojia, kuna swali lazima limkae kichwani. Inakuwaje watu wanaopima galaksi wanadai kujua habari za uzito wa nyutrino kuliko watu wenye mitambo ya kupimia nyutrino yenyewe? Na la pili linafuata hapohapo, mbona namba zao siku hizi zinaanza kugombana? Kwangu haya ndo maswali mazuri kuliko yote unayoweza kuuliza kwenye fizikia kwa sasa, na inaniuma nikiona yanajibiwa juujuu, eti kosmolojia imethibitisha hivi, eti DESI (mtambo wa kupima galaksi, tutaufikia) imekataa vile, yaani mtu anapewa jibu kabla hajaoneshwa hesabu imetoka wapi. Twende nayo polepole.

Nyutrino ilianza kama pendekezo la kuokoa hesabu. Kwenye mnunurisho wa beta, yaani kiini cha atomu kinapovunjika na kutoa elektroni, nishati ilikuwa inapotea bila maelezo, na Desemba 1930 Wolfgang Pauli akapendekeza kwamba kuna chembe isiyo na chaji inayoondoka nayo bila kuonekana. Ikapita miaka mingi mpaka 1956 ndipo Clyde Cowan na Frederick Reines wakainasa kwa kutumia riakta ya nyuklia ya Savannah River, South Carolina. Hiyo ilikuwa nyutrino ya kutengenezwa na binadamu. Kunasa zile za asili, zinazozaliwa miale ya angani inapogonga hewa, kulifanyika huku kwetu Afrika, kwenye mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Johannesburg, Februari 1965, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, Reines akishirikiana na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand (mwaka huohuo mgodi wa Kolar kule India nao ukanasa za kwake). Nalitaja hili makusudi kwa sababu wanafunzi wetu wengi wanaifundishwa hii historia kana kwamba ni ya Ulaya, Marekani na Japani peke yake, wakati kile kina kilichoizuia miale mingine yote isifike kwenye mtambo kilichimbwa na wachimbaji wa Kiafrika.

Sasa tuje kwenye uzito. Kwa miaka mingi modeli sanifu ya fizikia ya chembe iliichukulia nyutrino kuwa haina uzito kabisa. Ray Davis akaweka tangi la lita karibu 380,000 za dawa ya kusafishia nguo bila maji (dry cleaning) ndani ya mgodi wa Homestake, South Dakota, akawa anahesabu nyutrino za jua, na miaka nenda rudi anapata kama theluthi tu ya zile alizotarajiwa kupata. Watu wakamshuku yeye, wakalishuku jua, wakashuku kila kitu. Kumbe nyutrino zilikuwa zinabadilika aina zikiwa njiani. Mwaka 1998 Super-Kamiokande kule Japani, tangi la tani 50,000 za maji, likaonesha kwamba nyutrino zinazotoka angani zinabadilika, halafu 2001 na 2002 maabara ya SNO ya Kanada ikamaliza ubishi wa zile za jua. Takaaki Kajita na Arthur McDonald wakapewa Nobeli ya 2015. Na chembe haiwezi kubadilika hivyo kama aina zote tatu zina uzito sawa wa sifuri, hapo hakuna mjadala.

Hii ndo sehemu ambayo nataka mwanafunzi aifanye mwenyewe kwa kalamu, maana haihitaji hata kompyuta. Majaribio ya kubadilika hayakupi uzito wenyewe, yanakupa tofauti ya miraba ya uzito. Zipo mbili: moja ni kama 0.0025 na nyingine kama 0.000075, kwa elektronivolti za mraba (elektronivolti ni kipimo cha nishati ambacho wanafizikia wanakitumia pia kwa uzito wa chembe). Chukulia nyutrino nyepesi kuliko zote ina sifuri. Kipeuo cha pili cha 0.0025 ni 0.05, cha 0.000075 ni karibu 0.009, jumlisha, unapata karibu 0.06 elektronivolti. Huko chini ya hapo huendi, yaani jumla ya uzito wa nyutrino zote tatu ni angalau 0.06. Na kama mpangilio umegeuka, ile nyepesi ikiwa peke yake chini na zile mbili nzito zikiwa juu, basi zile mbili kila moja ina angalau 0.05, na jumla inaanzia 0.1. Hayo hayajategemea galaksi yoyote wala umri wa ulimwengu, yametegemea mraba na kipeuo tu na majaribio yaliyorudiwa kwenye jua, kwenye riakta na kwenye viharakishi vya chembe. Ikumbuke hiyo 0.06, kila kitu kinachofuata kinaizunguka.

Maabara ya kupima uzito moja kwa moja iko Karlsruhe, Ujerumani, inaitwa KATRIN. Chombo chake kikuu kina urefu wa mita 23 na uzito wa tani 200, na kilitengenezwa Deggendorf, mji ambao kwa barabara uko kama kilomita 400 tu kutoka Karlsruhe, ila kwa ukubwa wake hakikupita barabarani, kwa hiyo mwaka 2006 wakakishusha mto Danube mpaka Bahari Nyeusi, wakazunguka Mediterania na Atlantiki, wakapandisha mto Rhine, jumla karibu kilomita 9,000. Kazi yake ukiisikia ni rahisi, kuifanya ndo balaa. Tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mnunurisho, inavunjika, inatoa elektroni na antinyutrino, wanagawana nishati ya kama 18,600 elektronivolti. Mara chache sana elektroni inachukua karibu yote, na pale mwishoni kabisa ndipo unaweza kuona kama nyutrino imebakiza kidogo kwa ajili ya uzito wake. Elektroni zinazoangukia kwenye elektronivolti moja ya mwisho ni kama mbili kati ya trilioni kumi. Ndo hizo unazisubiri! Mwaka 2025 KATRIN wakatangaza kwamba uzito hauzidi 0.45. Ukizidisha kwa tatu unapata jumla isiyozidi 1.35, na kule chini tuna 0.06, kwa hiyo katikati bado kuna uwanja mkubwa sana ambao maabara haijaufikia.

Anga inaingia hapo. Kama sekunde moja hivi baada ya Mlipuko Mkuu, nyutrino ziliachana na mada nyingine, zikawa zinatembea zenyewe, na mpaka leo zipo, kama 336 kwenye kila sentimita ya ujazo, hapo ulipo, kwenye nyuzi karibu 1.95 juu ya sifuri halisi. Zilikuwa na kasi karibu ya mwanga, kwa hiyo hazikukubali kukusanyika kwenye mafungu ya mada yaliyokuja kuwa galaksi, zilipita tu. Baadaye zikapoa, uzito wao ukaanza kuhesabika kwenye mada ya ulimwengu. Ina maana zinaacha alama mbili: ulimwengu unakuwa na mafungu hafifu kidogo kuliko yale ambayo yangekuwepo bila wao, na historia ya upanukaji inabadilika kidogo. Kwa jumla ya 0.06, nyutrino ni chini ya nusu ya asilimia moja ya mada yote, lakini zinapunguza nguvu ya mafungu madogo kwa asilimia 3 hadi 4. Hiyo inapimika, na ndo maana mtu wa galaksi ana la kusema.

Na kabla hatujaanza kuilaumu kosmolojia, tuipe haki yake, maana imewahi kuisaidia fizikia ya chembe kwa namna ya kushangaza. Kiasi cha heliamu kilichopikwa dakika za mwanzo za ulimwengu, karibu robo ya mada ya kawaida kwa uzito, kinategemea kulikuwa na aina ngapi za nyutrino, kwa sababu aina zikiwa nyingi ulimwengu unapanuka haraka na heliamu inakuwa nyingi. Gary Steigman, David Schramm na James Gunn walilitumia hilo mwaka 1977 kusema aina haziwezi kuwa nyingi hovyohovyo, wakati huo maabara haikuwa na namna nzuri ya kuzihesabu. Mwaka 1989 LEP, kiharakishi cha chembe pale CERN, ikaanza kuhesabu kwa chembe ya Z, jibu likaja tatu. Siku hizi mwanga wa kale, yaani ule uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, uliopimwa na setilaiti ya Planck unatoa 2.99 na kosa la 0.17. Kwa hiyo mtu akiniambia anga haina mamlaka ya kuzungumzia chembe, namwambia asome hiyo miaka kumi na mbili kati ya 1977 na 1989 kwanza.

Sasa hizo namba zinazogombana. Mwaka 2018 Planck wakichanganya na vipimo vya galaksi walisema jumla haizidi 0.12. Sawa, 0.06 inaenea vizuri humo. Halafu ikaja DESI, mtambo wenye nyuzi za mwanga 5,000 zinazosogezwa na roboti, umefungwa kwenye darubini ya Mayall ya mita 4 pale Kitt Peak, Arizona. Mwaka 2024 wakishirikisha mwanga wa kale wakapata jumla haizidi 0.072. Machi 2025, wakiwa na galaksi na kwaza (viini vya galaksi vinavyong'aa mno) zaidi ya milioni 14, wakapata 0.064. Unaona inavyokwenda? Mlango unafungwa huku mguu uko ndani, ile 0.06 ya chini imebakiziwa nafasi ndogo sana, na 0.1 ya mpangilio uliogeuka iko nje kabisa. Tena ukiiachia kompyuta ichague namba yoyote inayoipenda, hata zisizo na maana ya kifizikia, inachagua uzito ulio chini ya sifuri. Uzito hasi! Hapo ndipo mwanafunzi anauliza, je, nyutrino imetudanganya au sisi ndo tumejidanganya?

Jibu langu ni kwamba aanze kwa kuuliza ile 0.064 imedhania nini. Ni kama kukadiria mzigo wa lori kwa kuangalia springi zilivyolala, bila kulipitisha mizani. Ukizijua springi vizuri utakadiria vizuri mno, ila ukidhani ni ngumu kumbe ni laini, mzigo utakaoutaja utakuwa wa uongo hata kama macho yako ni mazima. KATRIN ndo mizani, nzito na taratibu, DESI na Planck wanaangalia springi. Na springi ya kwanza hapa ni nishati ya giza, ile inayosukuma ulimwengu upanuke kwa kasi inayoongezeka. Ile 0.064 inatoka kwenye modeli inayosema nishati ya giza haibadiliki tangu mwanzo mpaka leo. Ukiruhusu ibadilike kwa muda, data zilezile za DESI na zilezile za mwanga wa kale zinakupa jumla isiyozidi 0.16, yaani mgogoro wote unayeyuka. Na si kwamba wameruhusu ibadilike kwa kuihurumia nyutrino, maana DESI hiyohiyo inaonesha dalili kwamba nishati ya giza inabadilika, kwa sigma 2.8 mpaka 4.2 kutegemea umeongeza supanova (nyota zinazolipuka) zipi; sigma inapima dalili iko mbali kiasi gani na bahati tu, ikiwa kubwa bahati inakuwa ngumu kuaminika. Sasa mtu anawezaje kuichukua namba inayotegemea nishati ya giza iliyotulia, akaitangaza kwa sauti kubwa, halafu ukurasa unaofuata akatangaza kwamba nishati ya giza huenda haijatulia? Achague moja, au atwambie wazi kwamba hizo namba mbili haziishi kwenye ulimwengu mmoja.

Ukiingia ndani zaidi utaona ugomvi wenyewe unaanzia kwenye kiasi cha mada. DESI peke yake inasema mada ni kama 0.298 ya nishati yote ya ulimwengu, Planck inasema kama 0.315. Tofauti ndogo, lakini nyutrino inaongeza mada ya leo bila kuongeza ile ya wakati mwanga wa kale ulipoachiwa, kwa hiyo DESI ikitaka mada iwe kidogo, hesabu inaitoa kwenye mfuko wa nyutrino, na mfuko huo hauna akiba.

Springi ya pili haizungumzwi sana, ingawa mimi naiona ndo yenye utamu. Nyota za kwanza zilipowaka, mwanga wake uling'oa elektroni kwenye haidrojeni, na zile elektroni zikatawanya sehemu ya mwanga wa kale, kama asilimia 5. Namba yake inaandikwa kwa herufi ya Kigiriki tau, na Planck wanaipa 0.054 na kosa la 0.007. Kwa nini ihusike na nyutrino? Kwa sababu tunachopima vizuri ni nguvu ya mawimbi ya mwanzo ikiwa imeshapunguzwa na tau. Tau ikiwa kubwa ina maana mawimbi ya mwanzo yalikuwa na nguvu zaidi, kwa hiyo mafungu ya leo yangetakiwa kuwa mazito zaidi, na kama tunayaona yalivyo basi kuna kitu kiliyapunguza, na hicho kitu ni nyutrino yenye uzito wake halali. Tau ikipanda kufika kama 0.09, nyutrino inapumua. Na tazama historia ya hii namba: setilaiti ya WMAP mwaka 2003 ilianza na 0.17, baadaye WMAP hiyohiyo ikashuka mpaka 0.089, Planck ikaishusha mpaka 0.054. Inapimwa kwenye mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga (polarization) kwa pembe kubwa sana angani, ishara hafifu mno, vumbi la galaksi yetu likiwa limetanda mbele yake. Kutoka 0.054 mpaka 0.09 ni mbali, ni kama sigma 5 za Planck, kwa hiyo anayesema tau ndo mkosaji ana deni la kuonesha Planck imekosea wapi, na bado hakuna aliyelilipa. Ila kama ningelazimishwa kuchagua pa kuanzia kuchimba, ningeanza na hapo pamoja na nishati ya giza, kabla sijagusa nyutrino, maana ile 0.06 imejengwa na majaribio ya aina nyingi tofauti na zote zinakubaliana.

Maswali mengine ya mwanafunzi yana majibu mafupi. Je, nyutrino hizi tatu zinaweza kuwa ndo mada ya giza, ile isiyoonekana ila mvuto wake unaonekana? Hapana, ni nyepesi mno na zilikuwa na mbio mno, zisingejenga galaksi tunazoziona, na hata kwa kipimo cha juu cha KATRIN hazitoshi. Je, zile 336 za kila sentimita ya ujazo zimewahi kunaswa? Bado, nishati yake ni ndogo sana, kuna wazo la kutumia tritiamu lakini ni kazi ya miaka mingi mbele.

Swali linalonigusa zaidi ni lile la mwanafunzi wa Dar, Nairobi au Kigali anayeuliza kama hii kazi inamhusu au awaachie wenye darubini. Inamhusu kabisa. Programu za kukokotoa ulimwengu, CLASS na CAMB, ni bure, data za Planck ziko wazi, DESI wameachia data za mwaka wao wa kwanza kwa kila mtu Machi 2025. Kigali kuna EAIFR, taasisi iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda na yenye uhusiano na ICTP ya Trieste, inafundisha fizikia ya nadharia kwa watu wa ukanda huu. Laptopu ya kawaida inatosha kukokotoa modeli moja kwa sekunde chache, ukitaka kuzunguka maelfu ya modeli ndo utahitaji kompyuta ya chuo usiku kucha na umeme usiokatika. Kinachowakwamisha wengi ni supavaiza anayewaambia warudie jedwali la wenzao ili namba zifanane, tasnifu ipite. Namba zikifanana umejifunza kuendesha programu, basi. Badilisha kitu kimoja: ondoa kipimo cha Planck cha pembe kubwa kinachoibana tau, iache tau huru, endesha tena, uone nyutrino inaenda wapi. Halafu ifunge tau na uifungue nishati ya giza. Halafu fungua zote mbili, uone kosa linavyokua. Hapo utakuwa na michoro mitatu yako mwenyewe, na kila mmoja unaweza kuutetea mbele ya mtu yeyote.

Ya kusubiri kwa hamu ni JUNO, kule kusini mwa China, tani 20,000 za kimiminika kinachometa nyutrino ikigonga, umeanza kukusanya data Agosti 2025. Kazi yake kubwa ni kusema mpangilio wa nyutrino umekaa upi, wa kawaida au uliogeuka, na inafanya hivyo kwa kutumia riakta tu, haigusi modeli yoyote ya ulimwengu. Ikisema wa kawaida, 0.064 inabaki imebanwa ila inapumua kidogo. Ikisema umegeuka, jumla haiwezi kushuka chini ya 0.1, na hapo ulimwengu wenye nishati ya giza isiyobadilika na tau ya 0.054 utakuwa umekataliwa na nyutrino za riakta, na itabidi kosmolojia irudi mezani kuamua ni springi ipi iliyokuwa laini.